Taarifa si kibali: nimezitaipu zote mbili

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa sababu yangu si fupi. Mkono uliozoea kutaipia watu wengine ukipata siku ya kujitaipia wenyewe haujui kusimama.

Msomaji mwenzangu mmoja aliandika hapa majuzi kwamba nchi yenye demokrasia haina haja ya maandamano. Aliyepiga kura keshasema, alisema. Asiyeridhika na waliochaguliwa akae kwake asubiri uchaguzi wa Agosti 2027. Kujaza watu barabarani ni kumpokonya mshindi ushindi wake, na tena huleta wizi. Simtukani ndugu yule. Nilimsoma nikajua ni mtu mwenye duka, na anaogopa mawe. Mimi pia nina duka. Ila yapo mambo ambayo pengine hayajapita mezani kwake, na mezani kwangu yamepita.

Mimi ni mpiga chapa. Nina miaka 58. Nilisomea uhazili, nikaanza kazi mwaka 1989 chini ya baraza moja hapa mjini Mombasa, na meza ya mbao na taipureta ya mkono ambayo herufi yake ya "m" ilikuwa imepanda juu kidogo kuliko wenzake. Hati zangu zote za miaka ile utazijua kwa ile m. Siku hizi nina saiba ya kompyuta nne Mwembe Tayari, lakini kazi ni ileile: mtu ana shida, hajui aiandike vipi mkubwa amwelewe, anakuja kwangu. Nimetaipu mikataba ya nyumba, barua za basari, talaka, maombi ya kazi za bandarini yasiyo na hesabu. Na tangu mwaka wa kwanza nimetaipu karatasi za watu wanaotaka kukutana hadharani. Ni karatasi hizo ninazotaka kuzizungumzia.

Zamani karatasi hiyo ilikuwa ombi. Ilikwenda kwa DC, yaani mkuu wa wilaya, kwa Kiingereza, nakala tatu kwa kaboni, nayo iliomba leseni. Bila leseni hapakuwa na mkutano wa hadhara. Nakumbuka mwaka 1990 wazee wa mtaa mmoja walitaka wakutane kiwanjani wazungumze habari ya maji, maana mifereji ilikuwa imekauka wiki ya tatu. Maji tu. Nikawataipia. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, sentensi moja: haikuwezekana kwa sababu za usalama. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, tuandikie basi ni maulidi." Mwenzake akamkemea kwamba huwezi kumsingizia Mtume habari za mabomba. Mwisho walikutana barazani, watano watano, kikombe cha kahawa mkononi, kundi moja likiondoka jingine linakaa, ili yeyote apitaye aone ni wazee wanakunywa kahawa. Mkutano wa watu arubaini ulichukua jioni tatu.

Na kura ilikuwaje wakati huo, maana ndiyo anayonisifia mwenzangu? Kura yangu ya kwanza ilikuwa ya 1988, nina miaka ishirini. Chama kilikuwa kimoja kwa sheria tangu 1982. Mchujo wa KANU ulikuwa wa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako kiwanja cha shule, jua la utosi, mwajiri wako anakuona, chifu anakuona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 hapo alikuwa amepita moja kwa moja, hapana kura ya siri tena. Mimi nilisimama kwenye mlolongo mrefu. Niligeuka nikautazama, mkia wake ulifika kwenye vyoo. Ulioshinda ni ule mfupi. Watu wa rika langu popote Kenya watakwambia kisa hiki, kila mmoja na kiwanja chake, na wala hawajaambizana.

Kwa hiyo namuuliza ndugu yangu: hiyo kura ya siri na ya vyama vingi unayoniambia niisubiri, ilitoka wapi? Haikutoka katika kura, kwa sababu kura iliyokuwapo haikuweza kujizaa upya. Mei 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walisema hadharani wanataka vyama vingi, wakaitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Wakatiwa ndani siku tatu kabla. Watu wakaenda Kamukunji hivyo hivyo, bila leseni, wakapigwa, wengine wakauawa, na fujo zikaenea siku kadhaa. Hiyo ndiyo Saba Saba. Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kile kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Desemba 1992 nikapiga kura ndani ya kibanda, peke yangu, na pazia. Kati ya hapo, Februari hadi Machi 1992, wamekuja akina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaketi Uhuru Park na Wangari Maathai, wakagoma kula, wakapigwa, na waliposhambuliwa wengine wao walivua nguo mbele ya askari. Mamangu alisikia habari hiyo redioni akazima. Akakaa kimya, kisha akasema kwamba mwanamke mzima akifikia hapo, aliyemfikisha ndiye aliyebaki uchi.

Na babu yangu, mzaa mama, hakuwa na kura kabisa. Alikuwa kuli Kilindini. Januari 1947 yeye na wenzake kiasi cha elfu kumi na tano waliweka chini magunia, bandari na reli zikasimama kwa siku kumi na mbili, na kila siku wakikutana Kiembeni kusikiliza na kuamua. Alikuwa akituambia kwamba pale ndipo mara ya kwanza kuulizwa "wewe waonaje?" na mtu asiye ndugu yake. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo, akawekwa kizuizini Baringo miaka kumi.

Lakini hayo ni ya zamani, mwenzangu atasema, na sasa kura tunayo. Sawa. Twende 1997, maana huo ndio mwaka ambao karatasi yangu ilibadilika jina.

Mwaka ule watu walirudi barabarani kudai sheria zibadilishwe kabla ya uchaguzi. Julai 7, Saba Saba tena, polisi waliwafuata watu mpaka ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga virungu mle ndani. Baada ya hapo ndipo wabunge wa KANU na wa upinzani walipoketi meza moja, kikao tulichokijua kwa jina la IPPG, wakakubaliana kurekebisha sheria kadhaa. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Utulivu wa Umma. Leseni ya DC ikaondolewa. Mimi nililijua hilo kwa njia ya kikazi kabisa: karani wa wakili mmoja alikuja na rasimu, nikaanza kutaipu "OMBI" kwa herufi kubwa kama kawaida, akaniwekea kidole juu ya karatasi. "Futa hiyo, dada. Andika TAARIFA." Nikachukua wino mweupe nikafuta. Neno lenyewe la chini lilikuwa linaonekana bado ukiinua karatasi kwenye mwanga.

Sheria iliyotoka hapo, ambayo ipo hadi leo, inasema hivi: anayeandaa mkutano au maandamano ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu kabla wala si zaidi ya kumi na nne. Ataje jina lake kamili na anwani, siku, saa kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na mahali au njia. Sababu inayomruhusu mkuu wa kituo kukujibu kwamba haiwezekani ni moja: kama kuna mwenzako aliyekwisha kutoa taarifa ya mahali hapo, siku hiyo, saa hiyo. Tena akujibu kwa maandishi. Na aweke rejista ya taarifa zote, ambayo mtu yeyote akija saa za kazi anaweza kuitazama. Kisha mwaka 2010 Katiba mpya ikaja na Kifungu cha 37: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama mahali kupinga jambo na kupeleka malalamiko kwa wakuu, kwa amani na bila silaha.

Sisi watu wa mtaani tunajua tofauti ya taarifa na kibali bila kusomeshwa. Ukiwa na arusi Jumamosi unapita kwa jirani: "Shangazi, tutafunga njia, turubai litafika mpaka mlangoni kwako, na ngoma ni usiku." Shangazi hakupi ruhusa. Anaondoa gari la mwanawe, anafunga kuku, akipenda anakuletea sufuria. Na angekuwa na khitima siku hiyohiyo angekwambia, mkapangana. Hivyo ndivyo ile sheria ilivyoandikwa. Polisi ni yule shangazi.

Sasa sikiliza yaliyonipata mwaka jana.

Mama karanga wa soko moja la samaki walinijia. Kwa wasomaji wa bara, mama karanga ni wale akina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi wakawakaanga wakawauza. Soko lao liliwekewa jokofu kubwa kwa pesa za umma, likazinduliwa kwa utepe na ngoma, likafanya kazi mpaka Ramadhani, likanyamaza. Samaki wa jioni wakawa wanatupwa asubuhi. Walikuwa wameandika barua nne kwa ofisi inayohusika. Najua, kwa sababu zote nne nilizitaipu mimi. Hapana hata moja iliyojibiwa. Bi Mwenyekiti wao akaniambia, "Mama Taipu, barua zako nzuri sana lakini hazina harufu. Safari hii tunataka tuwapelekee harufu yenyewe."

Tukaketi tukaandika taarifa. Jina la mwandalizi, anwani, siku, saa. Kwenye njia walibishana karibu nusu saa, kwa sababu mmoja wao ana goti bovu hawezi mteremko. Nikaandika watapita barabara ya juu. Nikatoa nakala mbili, moja ya kituo, moja ya kugongewa mhuri turudi nayo.

Siku ya kwanza tulimkuta mezani askari kijana, mpole, wa umri wa mwanangu. Akaisoma yote, midomo ikitembea. "Hii lazima iidhinishwe, Mama." Na nani? Na mkubwa. Mkubwa yuko wapi? Ametoka. Siku ya pili mkubwa alikuwapo, naye hakuwa mtu mbaya, akatupa viti. Akanieleza wazi: "Mama, nikikugongea mhuri hapa, kesho kukitokea fujo nitaulizwa ni nani aliyewaruhusu." Nikamwambia, "Afande, hukuombwa kuruhusu. Umeombwa kupokea." Akacheka, akanirudishia karatasi. Nikamwomba basi nione rejista. "Rejista ya nini?" Wakatazama chini ya kaunta: kulikuwa na kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio, daftari la vitambulisho vilivyopotea, na chupa ya chai. Siku ya tatu tukarudi. Yule kijana akatazama nyuma yake, akavuta nakala yetu, akaandika pembeni chini, kwa penseli, neno moja na tarehe: "Imeonekana." Hakutia jina wala nambari.

Ninayo karatasi hiyo mpaka leo. Mpiga chapa wa miaka zaidi ya thelathini anajua uzito wa maneno. Kuna "imepokewa" na kuna "imeonekana". Na kuna penseli.

Walikwenda. Akina mama kama sitini, na masufuria na karai za kupigia, na ndoo mbili za samaki wa jana yake. Askari wawili walifuatana nao, na kusema kweli walisaidia, walisimamisha tuktuk pale njia panda. Hapakuwa na jiwe. Kwenye geti akatoka kijana wa suti akaipokea karatasi ya malalamiko kwa vidole viwili huku amekunja uso. Jokofu lilitengenezwa baada ya wiki tano. Nisiseme uongo kwamba mambo yakaisha vizuri: linafanya kazi nusu siku, kwa sababu umeme wake ni wa tokeni na hawajakubaliana ni nani anunue. Lakini nusu siku ni nusu siku, na barua nne hazikuleta hata dakika.

Mwenzangu atasema mama karanga sawa, hao ni wazee wetu, wana adabu. Anayosema yeye ni ya Juni 2024. Haya.

Mwezi ule wa Juni saiba yangu haikulala. Unajua walikuwa wakitoa nini? Mswada wenyewe wa Fedha. Binti yangu wa mwisho na wenzake walikuwa wakija kutoa kurasa kumi kumi, maana pesa za kutoa wote hawakuwa nazo, wanapiga mistari ya rangi, wanaandika pembeni kwa Kiswahili: hapa ni mkate, ushuru wa asilimia 16, hapa ni gari, asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka. Bibi mmoja jirani yangu alikaa kitini kwangu akasomewa ukurasa wa mkate mara mbili. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona watoto wa miaka ishirini wakigombania fotokopi ya mswada wa Bunge. Kisha wakatoka nje na makuti mabichi ya minazi, vuvuzela na ngoma, mji wetu ukawa kama una maandamano ya arusi yenye hasira.

Yaliyotokea Nairobi tunayajua. Serikali ikaondoa ushuru wa mkate na mengine machache. Jumanne tarehe 25 wabunge 195 wakaupitisha mswada, 106 wakaupinga, watu wakaingia Bunge, sehemu yake ikawaka, risasi zikapigwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika miezi ile. Tarehe 26, siku ya pili ya kura ile, Rais akatangaza hatautia mswada sahihi.

Hapa ndipo hoja ya mwenzangu ilipo na nguvu, na sitaiparamia. Anauliza: wale 195 si tuliwachagua? Kama kelele za barabarani zinaweza kufuta kura yao, kesho kundi jingine lenye kelele zaidi litafuta nini? Swali zuri. Nililala nalo. Nikarudi kwenye karatasi, kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi. Nani aliufuta ule mswada? Si kijana yeyote mwenye bendera mgongoni. Rais aliurudisha Bungeni na waraka wa kupendekeza vifungu vyote viondolewe, na uwezo huo wa kurudisha mswada amepewa na Katiba, Kifungu cha 115. Kalamu ilikuwa ya aliyechaguliwa, kabla ya maandamano na baada yake. Kilichobadilika ni aliyeishika kalamu kujua kwamba mswada unasomwa kwa sauti na bibi wa Mwembe Tayari. Kabla ya hapo raia na vyama vya wafanyabiashara na wengine walishapeleka maoni yao kwenye kamati, kwa njia hiyohiyo ya ustaarabu anayoitaka mwenzangu. Ile kamati iliyapokea maoni. Au niseme, iliyaona.

Na hiyo miaka mitano ya kungoja ni mirefu kuliko anavyofikiri. Ushuru unaanza Julai, kura ni baada ya miaka mitatu. Katiba ilituahidi tunaweza kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda, Kifungu cha 104, lakini hadi leo hakuna mbunge aliyepata kurudishwa. Sasa katikati hapo mtu afanye nini, na bunge likiwa limeshakunja barua yake?

Nakubali lipo tatizo moja, na nililiona kwenye fomu. Vijana wale walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Vizuri. Lakini kwenye taarifa kuna mstari: "Jina kamili la mwandalizi na anwani." Siku moja Juni ile vijana watatu walikaa kwangu tukafika mstari huo wakatazamana. Mmoja akataka liandikwe la mwenzake, mwenzake akataka tuandike "Wakenya". Nikawaambia Wakenya hawana anwani ya mtaa. Nilidhani ni utoto. Nikawakaripia kidogo, kwamba haki inadaiwa na mtu mwenye jina.

Nimekuja kuyajutia yale makaripio. Kufika Desemba ya mwaka huo Tume hiyohiyo ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao hawajaonekana. Walichukuliwa kwa magari yasiyojulikana, na watu waliofunika nyuso. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliamuru askari wanaosimamia maandamano wavae sare, jina au nambari isomeke, wasifiche uso. Juni 2025 tukaona tena Nairobi wahuni juu ya pikipiki na mijeledi, wakiwapiga waandamanaji na polisi wapo hapohapo. Julai 7 ile, ukumbusho wa miaka 35 ya Saba Saba, mji mkuu ulizungushiwa seng'enge, na nchini kote zaidi ya watu 30 wakauawa siku moja. Basi fikiria wewe uko na fomu mbele yako inayotaka jina lako na nyumba yako, na atakayeipokea haandiki lake hata kwa penseli.

Kuna waliotaka fomu hiyo iwe ngumu zaidi. Mwaka 2025 uliletwa mswada wa kuwaweka watu mita 100 mbali na Bunge, Ikulu na mahakama. Nami nawaza wale mama karanga, wenye goti bovu na ndoo ya harufu, wasimame mita mia moja. Harufu ingefika, nadhani, kwa upepo wa kusi.

Mwenzangu aliandika sana kuhusu wizi, na mimi sikutaka kuonekana nimeuruka. Siku moja ya maandamano wahuni walivunja kioo changu, wakachukua printa na mikebe miwili ya wino. Kioo kilinigharimu. Nililia, sitaficha. Lakini nilipokwenda kuandikisha wizi ule sikuambiwa niombe kibali cha kuibiwa wala sikuambiwa maduka yafungwe nchi nzima. Niliandikiwa nambari ya OB, dakika kumi, mhuri ukagongwa pap, na sahihi juu yake. Ile ile kaunta. Mhuri upo, wino upo, mkono upo. (Na mwizi wangu, kama unasoma gazeti: printa ile ilikuwa haivuti karatasi tangu Machi. Nilikuwa nangoja fundi.)

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa ni dogo mno, na halihitaji tume wala mswada. Kila kituo kinunue daftari moja la kurasa mia mbili, kiandike juu "Rejista ya Taarifa za Mikutano na Maandamano", kiliweke mezani. Mtu akileta taarifa, igongwe mhuri wa tarehe kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Mhuri wa kupokea usichukuliwe kuwa mhuri wa kuruhusu, na mkuu wa kituo aliyepokea taarifa ya maandamano yaliyoharibika asiulizwe kwa nini alipokea. Aulizwe alipanga askari wangapi na walivaa nini. Yule afande wangu aliyetupa viti, nina hakika, angegonga siku ya kwanza kama angejua hataulizwa swali la kwanza.

Na ndugu yangu msomaji, nakualika Mwembe Tayari, uliza kwa Mama Taipu, utaonyeshwa. Nitakupa chai nikuonyeshe faili: ombi la 1990 lenye m iliyopanda, taarifa ya 1997 yenye wino mweupe, na ile ya penseli.

Mama karanga wananirudia wiki hii, safari hii ni habari ya tokeni. Wanataka Ijumaa, saa tatu asubuhi, barabara ya juu. Nimeshaitaipu, nakala mbili. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe, na nimenunua kalamu ya wino, ya buluu, nitamwachia yule kijana pale mezani.

Mama Taipu,
Mwembe Tayari, Mombasa